Gugu Lipi?

Liko neno moja katika lugha yetu lililobebeshwa lawama kupita haki yake, nalo ni neno gugu. Mkulima akiona jani asilolipanda huliita gugu. Mfugaji akiona mmea ambao ng'ombe wake hawautaki huuita gugu. Na karani akiandika waraka wa usafi wa mtaa huandika "magugu yote yafyekwe", akapiga muhuri, kazi ikaisha. Hakuna aliyeuliza: gugu lipi? Leo twataka kulishika swali hilo, nasi twaomba radhi mapema kwa wasomaji wetu wa Unguja na Pemba kwamba tutawapeleka mbali kabla ya kuwarudisha nyumbani, kwa kuwa mfano unaofaa zaidi tumeupata kwa wenzetu wa visiwa vya kaskazini ya dunia.

Baina ya Uingereza na Ireland kiko kisiwa kiitwacho Isle of Man. Ni kisiwa kidogo kuliko Pemba, chenye kilomita za mraba zipatazo 570, na wenyewe wana baraza lao la kutunga sheria na lugha yao ya asili. Ua la taifa la kisiwa hicho ni ua la njano la porini, ambalo kwa lugha yao huitwa kushagi na kwa Waingereza huitwa ragwoti. Lakini mfugaji wa kisiwa hichohicho, akilikuta ua hilo la taifa ndani ya malisho yake, huvaa glavu akaling'oa na mizizi yake, akaliweka mbali na mifugo. Twajua msomaji atacheka. Nasi tulicheka, kisha tukasoma zaidi, na kicheko kikapungua.

Ragwoti ina sumu, na sumu yake si ya kuua papo hapo kama ya nyoka. Wataalamu huziita alkaloidi za pirolizidini. Mnyama akishakula, sumu hufika kwenye ini, na ini katika kujaribu kuivunja ndilo linaloigeuza ikawa kali. Basi mlinzi hujijeruhi kwa silaha yake mwenyewe. Madhara hujilimbikiza kidogo kidogo. Ng'ombe au farasi huweza kukaa wiki au miezi asionyeshe dalili, kisha akakonda, akapepesuka, akafa, na mwenyewe asikumbuke kabisa mnyama alikula nini wakati wa kiangazi. Mbuzi na kondoo huvumilia zaidi. Tena mnyama aliyeshiba huliepuka jani bichi kwa sababu ni chungu. Hatari kubwa imo katika nyasi kavu za kulishia wakati wa baridi, kwani jani likikauka uchungu wake hupungua, bali sumu hubaki.

Huko Nova Scotia, nchini Kanada, ambako gugu hili lilifika pamoja na wahamiaji kutoka Ulaya, ng'ombe walikufa kwa miaka mingi kwa maradhi ya ini yaliyopewa jina la mahali, maradhi ya Pictou, na watu wakaamini kuwa ni tauni ya kuambukizana. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo ilipothibitishwa kwamba hakukuwa na tauni yoyote. Kulikuwa na ua la njano ndani ya majani makavu.

Kwa hiyo hatuwalaumu wabunge wa Uingereza walipoliingiza gugu hili katika sheria. Sheria yao ya mwaka 1959 inataja magugu matano yenye madhara: aina mbili za mbigili, aina mbili za mmea uitwao doki, na ragwoti moja. Mwaka 2003 ikatungwa sheria nyingine mahsusi kwa ragwoti, kwa ajili ya Uingereza na Wales, iliyompa waziri uwezo wa kutoa mwongozo wa namna ya kulizuia. Msomaji aangalie vizuri maneno yetu: tumesema ragwoti moja. Sheria haikusema kila ua la njano. Wala haikusema kwamba ni kosa kuwa na mmea huo katika ardhi yako. Imetaja aina moja kwa jina lake la kitaalamu, Senecio jacobaea, na hata jina hilo wataalamu wamekwisha kulibadilisha. Siku hizi wao huandika Jacobaea vulgaris, na sheria imebaki na jina lake la zamani kama mzee asiyetaka kuambiwa kuwa mtaa umebadilishwa jina.

Shida ni kwamba ragwoti hiyo moja ina ndugu, na ndugu hao wamefanana naye mno. Wote wana maua ya njano yaliyokusanyika kileleni, kila ua likiwa na kitovu cha njano kilichozungukwa na ndimi za njano. Wote wana majani yaliyokatikakatika. Mtu aliye ndani ya gari, au ofisa aliyesimama nje ya ua wa waya, atasema ni kitu kimoja. Kumbe sivyo.

Ragwoti ya kawaida huishi kwa desturi miaka miwili. Mwaka wa kwanza hutandaza majani yake chini kama sahani, na mwaka wa pili huinua shina moja gumu, lenye urefu wa kiuno cha mtu au pungufu, ambalo juu yake maua hujipanga kwa usawa kama meza. Ndimi za kila ua kwa kawaida ni 13. Ncha ya jani ni butu, yenye mikunjokunjo. Ndugu yake wa kwanza, ambaye Waingereza humwita ragwoti ya mvi, anaishi miaka mingi na mizizi yake hutambaa. Geuza jani lake uone upande wa chini, utakuta malaika ya kijivu kama ya kitambaa cha sufi, na vidole vya jani lake ni vyembamba vyenye ncha kali. Huyu huchelewa kuchanua, mwenzake akiwa amekwisha kuanza. Ndugu wa pili ni wa mabondeni na kando ya maji. Matawi yake hutawanyika ovyo, maua yake ni makubwa zaidi tena machache, na kipande cha mwisho cha jani lake ni kikubwa kama ulimi wa ng'ombe.

Lakini alama iliyo ya kuaminika zaidi haionekani ukiwa umesimama. Ni mbegu. Katika ragwoti ya kawaida, mbegu za katikati ya ua zina malaika, na zile za pembezoni, chini ya ndimi, hazina. Katika ragwoti ya mvi zote zina malaika. Katika ile ya bondeni, zote ni laini. Mbegu hizi ni ndogo, haizidi mojawapo urefu wa punje ya mtama, na mwenye kuzichunguza sharti awe na kioo cha kukuzia na subira. Wazee wetu walikwisha kusema: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hata akiinama, huenda asipate jibu safi. Ragwoti ya kawaida na ile ya bondeni zikikutana katika uwanda wa unyevunyevu huzaana, na mtoto huwa na jani la mama na ua la baba, au kinyume chake, wala hamkubali yeyote kati ya wazazi wake moja kwa moja. Mtaalamu mwaminifu hapo huandika kwamba huu ni mchanganyiko. Asiye mwaminifu huchagua jina lililo karibu na kufunga daftari. Twadhani serikali zote duniani zina daftari za namna zote mbili.

Yuko na ndugu wa tatu, na kisa chake chapendeza. Kule Sisilia, katika mteremko wa mlima Etna unaotoa moto, yako maua mawili ya jamaa hii, moja la juu ya mlima na moja la chini, nayo hukutana katikati na kuzaana. Mazao ya ndoa hiyo yalichukuliwa zaidi ya miaka 300 iliyopita yakapandwa Uingereza, hatimaye yakafika katika bustani ya mimea ya Oxford. Yakatoroka. Kufikia mwaka 1794 yalikuwa yamekwisha kuonekana juu ya kuta za mji huo. Kisha mwaka 1844 reli ikafika Oxford, na gugu lile likapata bahati kubwa: tuta la reli, lililojazwa mawe na makaa yaliyoungua, lilifanana na majivu ya volkeno ya kwao, na upepo wa magari ya moshi ukazivuta mbegu zake zenye manyoya kutoka stesheni hadi stesheni. Leo liko katika miji mingi ya Uingereza. Ukitaka kulitambua, tazama kile kikombe cha kijani kilichoshika ua kwa chini. Vijani vyake vina ncha nyeusi zilizo wazi, kama zilizochovywa katika wino. Hili pia ni la njano, nalo pia huitwa ragwoti, lakini silo lililotajwa katika sheria.

Gugu hilo la reli likakutana na kijigugu cha bustani kisichokuwa na ndimi, ambacho Waingereza hukiita graundseli. Mmoja ana kromosomu 20 na mwingine 40. Mtoto wao wa kwanza hupata 30, naye ni tasa. Lakini mara chache sana kromosomu hizo hujirudufu zikawa 60, na hapo huzaliwa kitu kipya kabisa kinachoweza kuzaa wa namna yake. Jambo hilo lilionekana Wales, mwaka 1948. Si mara nyingi binadamu hupata kushuhudia aina mpya ya mmea ikizaliwa katika zama zake, tena kando ya barabara.

Mwaka 1979 mwingine wa ukoo huohuo akagunduliwa katika mji wa York, penye maegesho ya magari karibu na stesheni ya reli. Haukuwa na umbo la kutisha wala la kuvutia. Mpita njia angeukanyaga. Ulikuwa hauko mahali pengine popote duniani. Baada ya miaka michache ukaanza kupungua, na katika miaka ya 1990 ukatoweka porini, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa dawa ya kuua magugu. Waliopuliza dawa hawakuwa na nia mbaya. Walipewa kazi ya kusafisha mahali pa kuegesha magari, nao wakasafisha. Bahati ilikuwa kwamba wataalamu walikwisha kuchukua mbegu na kuzihifadhi katika benki ya mbegu, na mwaka 2023 mmea ule ukapandwa tena York. Lau mbegu zile zisingewekwa, leo tungekuwa tunazungumza habari za marehemu.

Tena hata ile ragwoti ya kawaida, mwenye sumu mwenyewe, ana wanaomtegemea. Yuko nondo mwekundu mweusi ambaye viwavi wake, wenye mistari ya njano na nyeusi, hula majani yake na kuichukua sumu ile ndani ya miili yao ili ndege wasiwale. Wadudu wapatao 30 wa Uingereza hutegemea mmea huu kwa chakula. Ndiyo maana wapo watu wenye akili timamu huko wanaoutetea, na wapo wenye farasi, nao wana akili timamu pia, wasiotaka hata kulisikia jina lake. Sisi hatuna haja ya kuwaamulia. Tunachokiona ni kwamba mabishano yao huwa ya maana pale tu pande zote mbili zinapokuwa zinazungumzia mmea mmoja.

Sasa turudi kwetu.

Msomaji asidhani jamaa ya ragwoti iko Ulaya peke yake. Ukoo huu ni miongoni mwa koo kubwa za mimea ya maua duniani, na Afrika Mashariki umetuachia majitu. Wale wanaopanda Kilimanjaro au Mlima Kenya huikuta, huko juu penye baridi, miti minene yenye vichwa vya majani kama kabichi kubwa, ambayo majani yake hujifunga usiku ili kuukinga moyo wa mmea na jalidi. Hiyo ni jamaa ya ragwoti. Zamani yote ilihesabiwa katika jenasi ileile ya Senecio. Na hiyo nayo ina mtihani wa kufanana: ya Kilimanjaro si ya Meru, ya Meru si ya Elgoni, na Mlima Kenya peke yake una zaidi ya moja, mojawapo ya chini penye majimaji inayolaza shina lake ardhini, na nyingine ya juu inayosimama kama mti. Kila mlima umekuwa kama kisiwa, umezungukwa na joto kama sisi tulivyozungukwa na maji, na kila kisiwa kimelea mtoto wake. Sisi watu wa visiwa tungetakiwa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili.

Lakini kinachotuhusu zaidi hakiko mlimani. Kiko chunguni.

Mvua zikinyesha, akina mama wetu huingia mashambani na kandokando ya njia kuchuma mboga. Huchuma mchunga, huchuma mnavu, huchuma na majani mengine ambayo kila kijiji kina jina lake. Ni chakula kizuri, kisicho na gharama, na katika nyumba nyingi ndicho kitoweo cha siku. Mchunga una ua la njano. Ni mchungu. Majani yake ya chini yamekatikakatika pembeni. Msomaji aliyetufuata tangu mwanzo ameshaanza kutega sikio.

Mchunga si ragwoti, wala hatutaki kesho mtu aje ofisini kwetu kulalamika kwamba tumewatisha watu wasile mchunga. Twasema kinyume chake. Mchunga ni wa tawi jingine la ukoo, na alama yake inajulikana kwa kila bibi: ukivunja bua, hutoka maziwa meupe. Jamaa ya ragwoti haitoi maziwa hayo. Basi mchumaji anayevunja bua kabla ya kutia kikapuni anafanya uchunguzi uleule ambao mtaalamu wa chuo kikuu angeufanya, tena haraka zaidi. Tuongeze tahadhari moja, kwa kuwa tunawajua wasomaji wetu: alama hiyo ni ya kutofautisha mchunga na yale yanayofanana nao tu, si kila chenye maziwa huliwa. Mnyaa una maziwa tele, na maziwa yake hupofusha macho.

Yapo majani mengine yanayochumwa na kuliwa katika Afrika, na katika nchi nyingine nyingi za joto, ambayo hayatoi maziwa na ambayo ni wa tawi hasa la ragwoti. Mmoja ni mmea wa mwaka mmoja unaopenda mashamba yaliyofyekwa karibuni, wenye vichwa vya maua vinavyoinama, vyekundu kama tofali, visivyo na ndimi, ambavyo baadaye hufumka manyoya meupe laini kama pamba. Wataalamu huuita Crassocephalum crepidioides. Mwaka 2018 wachunguzi walichapisha matokeo ya kupima ndani yake sumu iitwayo jakobini, yaani sumu iliyopewa jina kutokana na ragwoti yenyewe. Mwingine ni kijimmea chembamba cha jenasi ya Emilia, chenye maua madogo kama brashi, ya rangi ya machungwa au ya zambarau, ambacho huliwa mahali pengine na mahali pengine hutiwa katika dawa. Aina moja yake hata jina lake la kitaalamu lasema kwamba majani yake yamefanana na ya jamaa wa mchunga. Nao una alkaloidi za namna hiyohiyo.

Hatusemi kwamba aliyekula mara moja atadhurika. Sumu hii, kama tulivyoeleza, huja kwa kulimbikizana, na watu wengi wamekula majani hayo bila ya kuonyesha dalili yoyote. Lakini ini halina mdomo wa kulalamika mapema, na watoto ndio hudhurika upesi zaidi. Mwaka 1920 madaktari wa Afrika Kusini waliandika juu ya watu wa wilaya ya George walioharibika maini kwa mkate, kwa sababu ngano yao ilikuwa imechanganyika na magugu ya jamaa ya Senecio. Katika miaka ya 1970, huko Afghanistani, katika mkoa wa Herat, maelfu ya watu walipatwa na maradhi hayohayo baada ya ukame, kwa mbegu za gugu jingine lenye sumu ya namna hiyo, lililoingia ndani ya ngano. Wote hao walikuwa wakila chakula chao cha kila siku.

Kadhalika mfano wa marejea. Marejea yapo ya aina nyingi mno Afrika. Mengine wakulima wa Tanzania Bara wameyapanda kwa manufaa makubwa ili kurutubisha udongo, na kule magharibi ya Kenya aina mbili huliwa kama mboga, huitwa mitoo. Hapohapo, mwaka 1975, yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa mbegu za aina moja ya marejea kutoka Tanzania, ambazo panya walipolishwa mapafu na moyo vilidhurika. Jina moja, ua moja la njano, na ganda moja linalolia kama kayamba mbegu zikikauka. Moja ni kitoweo, jingine ni maradhi.

Haya yote yatufikisha kwa maofisa wetu wa serikali, ambao twawaheshimu na ambao twajua hulisoma gazeti hili kabla ya chai. Ombi letu la kwanza ni juu ya waraka. Waraka wowote unaoagiza mmea ung'olewe, upulizwe dawa au usiliwe, usitaje jina tupu. Utaje umbo: urefu, jani kwa juu na kwa chini, rangi ya ua, kama bua lina maziwa au halina, na unaota wapi. Tena utaje mmea gani unaofanana nao ambao usiguswe. Maneno hayo hayazidi nusu ukurasa. Twalisema hili kwa sababu majina yetu ya mimea ni mali ya kila kijiji. Jani linaloitwa hivi Makunduchi huenda Micheweni likaitwa vingine, na jina lilelile likawa huko ni la jani jingine kabisa. Bwana shamba aliyehamishwa kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine anaweza kutoa amri sahihi kwa jina lisilo sahihi, na wananchi wakaitii kwa moyo safi.

Wala hili si jambo la mbali. Arusha, tangu mwaka 2010, limeripotiwa gugu geni ambalo watu wameliita gugu karoti kwa sababu ya majani yake. Hilo ni adui wa kweli: huua malisho, huwasha ngozi, na huzaa mbegu kwa maelfu. Magugu ya namna hiyo husafiri kwa magari, kwa nafaka na kwa majani ya mifugo, na meli zetu hubeba vyote hivyo. Siku litakapotua bandarini tutahitaji watu wanaoweza kulitambua likiwa na majani manne, na ambao hawatang'oa kila chenye jani la karoti wakidhani wamelimaliza.

Ombi la pili ni juu ya vitabu. Mwaka 1949 kilichapishwa kitabu kikubwa cha R. O. Williams juu ya mimea ya manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba, nacho kimeandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2012 ilikamilika kazi ya miaka zaidi ya 60 ya kuandika mimea yote ya Afrika Mashariki ya joto, zaidi ya aina 12,000, nayo ni kwa Kiingereza, tena kile Kiingereza ambacho Waingereza wenyewe huhitaji kufafanuliwa. Elimu hiyo imetoka katika ardhi yetu, na mara nyingi katika vinywa vya wazee wetu waliowaongoza wageni porini. Twaona ni haki irudi kwa Kiswahili, angalau kwa kijitabu cha mboga za porini na yale yanayofanana nazo, chenye michoro, kiweze kukaa katika kila skuli na kila kituo cha afya. Fedha zake haziwezi kufikia bei ya gari moja la ofisi. Waandishi wake wapo. Na wale mabibi wanaovunja bua kabla ya kuchuma waitwe wakae mezani, wasiitwe tu kupigwa picha.

Na kwa msomaji mwenyewe, aliye kisiwani na asiyengojea waraka: ukikuta shambani mmea unaoutilia shaka, usiule wala usiufyeke wote kwa siku moja. Ngoja uchanue, kwani bila ya ua hata mtaalamu hubahatisha. Chukua tawi moja zima, lenye jani la chini, jani la juu, ua, na mbegu ikiwa zipo. Litandaze ndani ya gazeti, geuza jani moja upande wa chini uonekane, weka juu yake kitu kizito, na kila siku badilisha gazeti mpaka likauke. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hifadhi ya mimea iliyokaushwa namna hiyo, na wataalamu huweza kulisoma jani kavu miaka mingi baada ya kuchumwa. Andika kwa kalamu ya risasi mahali ulipoutoa, tarehe, urefu wa mmea, na jina wanaloliita watu wa hapo. Andika na rangi ya ua siku hiyohiyo, kwa kuwa rangi ndiyo ya kwanza kupotea. Gazeti la jana latosha kwa kazi hiyo.